391 ubaoni

Miaka ya 1980, mwalimu wetu wa hisabati darasa la sita alikuwa na mchezo wake wa kipindi cha mwisho. Anaandika 391 ubaoni. Atakayetaja vigawo vyake tasa anatangulia nyumbani. Unajaribu 3, 7, 11, 13, jasho linakutoka, mpaka ufike 17, na hapo 23 inajileta yenyewe. Kuzidisha 17 kwa 23 hata watoro waliweza. Ugumu ulikuwa kurudi nyuma.

Ugumu huohuo tayari ulikuwa umeshageuzwa kufuli huko Marekani, nasi hatuna habari. Mwaka 1977, Rivest, Shamir na Adleman wa MIT walizidisha namba tasa mbili kubwa, zao lake wakalianika hadharani: kufunga ujumbe anaweza yeyote, kuufungua ni mpaka uzijue zile mbili. Agosti mwaka huo mwandishi Martin Gardner akaichapa namba yao ya tarakimu 129 katika jarida la Scientific American, na zawadi ya dola 100. Makadirio ya Rivest ya muda wa kuivunja yalikuwa miaka bilioni 40, mara milioni moja.

Ilivunjwa Aprili 1994. Watu wapatao 600 walijitolea kompyuta zao, kama 1,600 hivi, kwa miezi minane. Ujumbe uliokuwa umefungwa kwa namba hiyo ulikuwa upuuzi mtupu, habari za tai mla mifupa mwenye kinyaa.

Wengi husema ni kasi ya kompyuta. Kasi ilisaidia, lakini kilichoiangusha namba ile hasa ni hesabu. Mwaka 1981 mwanahisabati Carl Pomerance alikuwa amebuni chekeche lililojengwa juu ya mbinu ya Fermat, Mfaransa wa karne ya 17: usihangaike na kigawo kimoja kimoja, tafuta vipeo vya pili viwili. Chukua ile 391. Ishirini mara ishirini ni 400. Toa 9, ambayo ni 3 mara 3, unabaki na 391. Basi 20 toa 3 ni 17, 20 jumlisha 3 ni 23. Mstari mmoja! Ungetosha kabisa kwa darasa la sita, na sisi tulikuwa tukikaririshwa KDS na KKS, kigawe kidogo na kigawo kikubwa cha shirika, kwa ajili ya mtihani tu.

Leo kompyuta ya kawaida, ukiiagiza ufunguo wa biti 2,048, huokota namba tasa mbili za tarakimu zaidi ya 300 kila moja, kufumba na kufumbua. Haizigawanyi ili kujua kama ni tasa. Inazipima kwa njia iliyochipuka kwenye kanuni nyingine ya Fermat yuleyule.

Na zenyewe zinaanza kuagwa. Mwaka uleule wa 1994 mwanahisabati Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwantumu, ikipatikana kubwa ya kutosha, itayavunja mazao ya namba hizi kwa wepesi. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vipya visivyotegemea kabisa ugumu wa kutafuta vigawo. Wataalamu wamefurahi, na wana haki. Mimi nimeingiwa na majonzi kidogo, maana hisabati pekee ya shule ya msingi niliyowahi kuikuta kazini inastaafu kabla yangu.