Binti wa Saisi Arudi kwa Farasi

Nikimwambia mtu nimekulia kwa farasi, swali la kwanza ni: "Kumbe nyinyi mlikuwa matajiri?" Hapana jamani. Baba yangu alikuwa saisi. Yaani yule mtu anayeamka saa kumi alfajiri kulisha farasi, kumpiga brashi, kuchokoa kwato na kumfunga tandiko, halafu mwenyewe akija anamkabidhi hatamu na kusimama kando.

Tulikaa upande wa Karen, Nairobi, kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya mabanda. Mambo ya farasi niliyajua kabla sijaenda nasari. Usimwendee kwa nyuma, mwite kwanza. Masikio akiyalaza nyuma, jua amekasirika. Ana kilo mia tano hivi, lakini nzi mmoja akimtua, ngozi yote inatetemeka. Na farasi hawezi kutapika, ndiyo maana tumbo likimsokota linaweza kumuua. Kuna usiku Baba hakulala kwetu, alilala bandani na farasi mgonjwa.

Jioni wenye farasi wakishaondoka, alinipandisha mgongoni bila tandiko na kunizungusha uani. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Nilikuwa napanda vizuri, sisemi kwa kujisifu, na Baba si mtu wa sifa za bure.

Halafu zinakuja siku za maonyesho pale Jamhuri Park. Baba anasuka nywele za shingoni usiku kucha, anapaka kwato mafuta mpaka zinang'aa. Mimi nabeba ndoo. Mtoto wa mwenye farasi anapanda, anaruka vizuizi, anashinda utepe, anapigwa picha. Kwenye picha ukiangalia pembeni utaona mkono umeshika hatamu. Huo mkono ni wa Baba.

Mwaka mmoja aliomba nishiriki mashindano ya watoto, japo raundi moja tu. Akajibiwa, "Tutaona." Mpaka leo hawajaona! Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Baadaye farasi wakauzwa, tukahamia kijijini, na mimi sikutaja tena farasi.

Sasa nina miaka thelathini na sita, nina kazi yangu, na kila Jumamosi nalipia saa moja ya kupanda. Mashoga zangu wananiambia hizo pesa ningekuwa nimenunua ploti Kitengela. Labda ni kweli. Lakini ploti haikupulizii pumzi ya moto shingoni.

Siku ya kwanza mwalimu, kijana mdogo tu, alitaka kunionyesha namna ya kushika brashi. Akakuta mkono wangu umeshaanza kazi. Mkono haukusahau. Mapaja ndiyo yalisahau, siku tatu nilitembea kama bata!

Mtu akikwambia umri umepita, msimulie habari za Lis Hartel wa Denmark. Polio ilimpooza miguu chini ya magoti, akawa anasaidiwa kupanda na kushuka, na bado akachukua medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Huo ndio mwaka wa kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana kwa farasi kwenye Olimpiki, tena pamoja na wanaume. Mpaka leo hawatenganishwi.

Mwezi uliopita niliingia shindano dogo, vizuizi vya chini kabisa, wenzangu wengi ni watoto wa shule. Nikamwalika Baba. Alivaa koti lake la Jumapili. Nilimwekea kiti kivulini pamoja na wageni, akakaa dakika tano hivi, halafu nikamwona yuko kule nyuma na masaisi, wanasalimiana kama ndugu. Akaja kwangu, hakunitazama usoni, akavuta mshipi wa tandiko. "Umelegea huu," akasema, akaukaza mwenyewe.

Nilimaliza wa tano. Saisi aliyenitayarishia farasi nilimwita tukapiga picha pamoja, katikati kabisa, si pembeni.

Baba hakuniuliza nimekuwa wa ngapi. Aliuliza, "Mama, farasi ameshakunywa maji?" Nikamwambia bado. Tukachukua ndoo, tukaenda.