Kutoka Idjwi hadi Bukavu na mimba yenye lupusi

Kutoka Idjwi kwenda Bukavu njia ni maji. Boti ya asubuhi hubeba nanasi, mihogo, kuku, wanafunzi, na siku ile ilitubeba pia sisi wamama wanne tukimsindikiza mwenzetu mwenye mimba ya miezi mitano. Alijifunika kitenge hadi mikononi, na abiria walimshangaa. Lakini jua huamsha lupusi, na ziwani jua linapiga mara mbili: toka juu na toka majini.

Lupusi ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe: ngozi, viungo, figo. Haiambukizi, wala si uchawi. Inawapata zaidi wanawake, wengi wao wakiwa katika miaka ya kuzaa.

Kutoka bandarini ni kupanda tu. Bukavu haina huruma kwa miguu iliyovimba.

Muuguzi alianza na swali: “Mama, dawa unameza?” Mwenzetu akanyamaza. Nyumbani mama mkwe alikuwa amemwambia vidonge na mimba havipatani. Muuguzi hakumgombeza. Alieleza kwamba hidroksiklorokini, ndugu ya ile klorokini tuliyomeza utotoni kwa malaria, ndiyo inayotuliza ugonjwa. Ukiiacha, lupusi inaweza kuamka na kumhatarisha mama pamoja na mtoto. Zipo dawa nyingine za lupusi, kama metotreksati, ambazo kweli zinadhuru mimba. Kwa hiyo anayechagua ni daktari, siyo sisi majirani.

Halafu akapima tansio, akachovya kijiti katika mkojo. Protini ikionekana, huenda figo zinaumia, au kifafa cha mimba kinakaribia. Ndiyo maana daktari huandika mapema aspirini ya kipimo kidogo. Moyo wa mtoto aliusikiliza muda mrefu, kwa sababu kinga ya mama wengine wenye lupusi inaweza kuupunguza mwendo. Homa nayo, alisema, msiite malaria kabla ya kupima.

Kichwa kuuma sana, macho kuona nyota, maumivu chini ya mbavu, uso kuvimba: ni hospitali siku ileile. Sasa boti ikiwa imekwisha kuondoka? Tukapanga miezi miwili ya mwisho akae kwa shangazi yake Kadutu. Shamba tutalima kwa zamu.

Mama mkwe tulipompa habari, aliuliza jina la kidonge mara mbili, kisha akasema watoto watabaki kwake.