RAV4 ya 2002: gharama zake, na kompyuta iliyodhani injini ni moto

Leo tuweke PHP na hifadhidata kando kidogo. Kuna ndugu mmoja ameniandikia akiuliza kama ni busara kununua RAV4 ya zamani, kwa kuwa anajua ninayo. Ameitiwa shilingi 750,000. Nimeona nimjibu hapa hapa, maana swali lake nimeulizwa mara nyingi.

Langu ni la mwaka 2002, kizazi cha pili, kile kilichotengenezwa kuanzia 2000 hadi 2005. Injini ni ya lita 2.0, aina ya D-4, yaani petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Lilikuja kutoka Japani kama mengi ya humu nchini. Siku hizi huwezi kuagiza la mwaka huo kwa sababu sheria yetu hairuhusu gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo lolote utakalopata limeshakula barabara za Kenya miaka mingi. Kumbuka hilo unapoambiwa kilomita ni chache.

Mimi huandika kila shilingi kwenye jedwali, ugonjwa wa kazi. Mwaka 2024 nilienda kilomita 11,400 na kuchoma lita 1,190 hivi, karibu shilingi 226,000. Hiyo ni kilomita 9.6 kwa lita, foleni ya Waiyaki Way ikiwemo. Matengenezo yalikuwa 94,000. Bima ni ile ya mtu wa tatu tu, kwa sababu kampuni nilizouliza ziliona gari ni zee mno kwa bima kubwa. Likiibwa, limeenda.

Katika hiyo 94,000, shilingi 63,000 ziliishia chini ya gari: bushi, shoksi, boljointi, na kazi ya fundi. Hizo hazinisumbui. Mpira ukigongwa na mashimo miaka ishirini utakatika, hakuna siri hapo. Unausikia, unaenda Kirinyaga Road, unanunua, unafungiwa. Bei unaijua kabla hujatoa pochi.

Kinachomaliza mtu na gari la namna hii ni kitu kingine: kubahatisha.

Julai 2024, ule mwezi wa baridi yetu Limuru, gari lilianza kukataa kuwaka asubuhi. Unazungusha starta mpaka unaona huruma kwa betri. Likiwaka linatetemeka, na ukiachia mafuta linazima. Baada ya dakika kumi na tano linakuwa zima kabisa, kana kwamba si lile. Mara mbili lilinizimikia barabarani alfajiri nikimpeleka mama kliniki, malori nyuma yangu. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito kama jiwe na breki zinakosa nguvu ya kusaidiwa. Mama ana shida ya nyonga, ngazi ya matatu hawezi kuipanda. Siku ile ya pili akaniambia taratibu kwamba labda aache tu kliniki mwezi ule. Sikulala vizuri.

Fundi wa kwanza alisikiliza kidogo akasema pampu ya petroli, 14,000. Wa pili akasema ni masizi, tufungue tusafishe vali na nozeli, 38,000. Huyu wa pili hakuwa akiropoka. Kwenye D-4 petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, kwa hiyo haiziogeshi, na masizi hujijenga kweli. Lakini nikamuuliza, "Fundi, kama ni pampu au masizi, mbona likipata joto linapanda mlima na mzigo bila kukohoa?" Pampu dhaifu ingeshindwa pale pale kwenye mlima, injini inapotaka petroli nyingi zaidi. Akacheka. "Bosi, hizi gari za Japani ziko hivyo." Na ile taa ya injini iliyokuwa inawaka kwenye dashibodi? "Hiyo taa ni kawaida." Jamani! Ni kama mtu akuletee programu iliyoanguka na akuambie usisome logi.

Nikarudi nyumbani kusoma logi. Nilikuwa na kile kisoma-misimbo cha bei rahisi cha Bluetooth, kikakataa kuunganishwa. Si ajabu, magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ile hayazungumzi lugha ambayo vifaa hivi vinaitarajia. Lakini kuna njia ya zamani. Chini ya usukani kuna soketi yenye matundu 16. Unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, unafungua ufunguo bila kuwasha injini, na taa ya injini inaanza kukonyeza. (Hesabu matundu mara tatu. La 16 lina umeme wa betri wakati wote, usiliguse.) Yangu ilikonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza mara mbili tena. Ishirini na mbili: sensa ya joto la maji ya injini.

Sensa yenyewe ni kidude kidogo ambacho ukinzani wake hushuka joto linapopanda. Kwenye nyuzi 20 unatarajia kama kiloomu 2 hadi 3, kwenye nyuzi 80 kama omu 300. Nikaweka kipima umeme: hakuna kitu, mzunguko umekatika. Na hapa ndipo waandishi wa programu mtatabasamu. Kompyuta ya gari ikipata jibu lisilowezekana haikwami, inashika kosa na kurudisha thamani ya akiba: inadhani maji yako nyuzi 80. Basi alfajiri ya baridi kali inaipa injini petroli kidogo kama ya injini iliyokwisha kupata joto. Injini inakosa pumzi. Ikishapashika kweli, ule uongo unageuka ukweli, na kila kitu kinakuwa sawa.

Sensa mpya ilikuwa 2,300. Kazi ya nusu saa, na maji ya rejeta kidogo yaliyomwagika. Kesho yake likawaka kwa mguso mmoja.

Marekani pia wenye RAV4 za 2001 hadi 2003 wanaijua hadithi ya jamaa yake: giaboksi inarukaruka, watu wanaambiwa inunuliwe nyingine, kumbe mara nyingi ni kompyuta ya injini inayotoa amri mbovu. Giaboksi ikiruka kwenye hilo unalotaka, usikubali ifunguliwe kabla kompyuta haijachunguzwa.

Sasa nikujibu, ndugu. Kama hutaweza kutenga angalau 90,000 kwa mwaka nje ya petroli, liache. Ile ya lita 1.8 si lazima iwe nafuu, za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kunywa oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Redio nayo ni ya Japani, inaishia 90 FM, vituo vingi vya Nairobi hutavisikia bila kifaa cha kuongeza masafa. Hilo dogo. Kubwa ni hili: mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Nenda saa kumi na mbili asubuhi, weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta ni vuguvugu, muage vizuri na umwambie utarudi kesho.