Mugunga: jina moja kati ya maelfu, na namna kompyuta inavyolitafuta

Katika kartie ya Mugunga, komini ya Karisimbi, kila mtu anajua uzito wa orodha. Orodha ndiyo inayoamua nani atapata jetoni ya unga, nani atapewa shitingi, na mama gani ataitwa aambiwe kwamba mtoto wake ameonekana. Kwa zaidi ya miaka 30 majina yameandikwa hapa, kwenye madaftari, kwenye kadi na kwenye kompyuta za mashirika. Mara nyingi jina lenyewe limeandikwa na liko mahali fulani. Tabu ni kulipata kwa wakati.

Fundi mmoja kijana wa kartie hiyo analifikiria jambo hilo kwa njia yake. Mchana anabadilisha vioo vya simu kando ya barabara ya Sake. Jioni, umeme ukiwepo, anajifunza kuandika programu kwenye kompyuta ya mitumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Familia yake ilitoka Masisi na ililala chini ya shitingi kabla ya kupata chumba cha kupanga. Katika masomo yake amekutana na chombo kinachoitwa GDB, na humo ameona kazi ambayo watu wa kambi wanaijua vizuri: kutafuta jina moja kati ya maelfu bila kusoma orodha yote.

GDB ni programu ya kuchunguza programu nyingine. Richard Stallman, Mmarekani, aliiandika mwaka 1986, na mafundi wa dunia nzima bado wanaitumia. Programu ikianguka katikati ya kazi, GDB humwonyesha fundi imeanguka katika mstari gani na kitu gani kilikuwa kinafanyika. Ugumu ni kwamba mashine haijui majina. Inajua namba tu: nenda kwenye anwani hii, chukua, jumlisha, rudi. Majina aliyoyaandika binadamu, kama «hesabu_mgao» au «soma_orodha», huwekwa pembeni katika faili, pamoja na anwani zake na namba za mistari. Majina hayo huitwa simboli. Bila simboli fundi anaona namba tupu, kama mtu anayesimama mbele ya mahema 1,000 ya rangi moja.

Programu kubwa inaweza kuwa na simboli laki kadhaa, na maelezo yake yakajaza mamia ya megabaiti. Kila mara fundi anapofungua uchunguzi, GDB inalazimika kuyapitia ili ijue jina gani liko wapi. Kwenye mashine nzuri ni kusubiri kidogo. Kwenye mashine ya gigabaiti 4, inayotegemea umeme usio na uhakika, subira hiyo inaweza kumaliza jioni nzima.

Watu wa Goma wanaijua subira ya namna hiyo. Julai 1994 Wanyarwanda karibu milioni moja walivuka mpaka kwa siku chache, wakapiga kambi Kibumba, Katale, Kahindo, Lac Vert na Mugunga, juu ya mawe meusi ya volkano ambayo hata kuyachimba kaburi ni kazi. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ndani ya wiki chache. Watoto wengi walibaki bila mkubwa wa kuwashika mkono. Shirika la Msalaba Mwekundu la kimataifa, CICR, pamoja na UNICEF, HCR na mashirika mengine, walianza kuwaandika mmoja mmoja. Mwaka huohuo BBC ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango, jina ambalo kwa Kinyarwanda maana yake ni kuunganisha familia. Redio ilisoma majina: fulani, mwana wa fulani, wa kilima fulani, anatafuta wazazi wake.

Redio ilifanya kazi kubwa, lakini ilisoma kwa mstari mmoja. Anayesubiri jina moja alipaswa kusikiliza yote. Akienda kuteka maji wakati jina linapita, limempita. GDB isiyo na faharasa iko hivyo hivyo: inaanza mwanzo, inakwenda hadi mwisho, na kesho inaanza tena.

Dawa ya mafundi ilikuwa kuweka akiba. Mara ya kwanza GDB inapitia simboli zote kwa taabu yake. Kisha inatengeneza faharasa, yaani jedwali fupi linalosema jina hili liko sehemu ile, na kuihifadhi katika faili ndani ya diski. Tangu toleo 8.3 la mwaka 2019, mtumiaji anaweza kuiamuru ifanye hivyo yenyewe. Kesho yake GDB haisomi tena maelezo yote. Inafungua faharasa na kwenda moja kwa moja.

Namna inavyoifungua ndiyo iliyomshangaza kijana wa Mugunga. Haimimini faili yote ndani ya kumbukumbu. Inauambia mfumo wa kompyuta: faili hii ihesabu kama imekwisha kutandazwa mbele yangu. Mfumo unakubali, lakini hauleti kitu. Unatoa ahadi ya nafasi tu. GDB inapogusa mahali fulani, hapo ndipo mfumo unakimbia kwenye diski na kuleta ukurasa mmoja tu, kwa kawaida wa baiti 4,096. Kurasa zisizoguswa hubaki zilipo na hazichukui nafasi.

Ni sawa na karani mwenye kabati la madaftari. Mama akija kuuliza jina linaloanza na K, karani hamwagi madaftari yote mezani. Anachomoa daftari la K na kulifungua ukurasa unaohitajika. Mwingine akija na K vilevile, daftari liko tayari mezani, na wawili wanaweza kulisoma pamoja. Meza ikijaa, karani anarudisha daftari kabatini bila kunakili chochote, kwa sababu hakuna kilichoandikwa upya. Mfumo wa kompyuta hufanya hayo yote kwa faili zilizotandazwa: ukurasa mmoja hutumiwa na programu mbili, na kumbukumbu ikibana ukurasa huachwa bila hasara, kwa kuwa nakala yake iko kwenye diski. Ndiyo maana hata mashine ya gigabaiti 4 inaweza kushughulikia faili kubwa kuliko nafasi iliyo nayo.

Ndani ya faharasa hiyo anwani haziandikwi kama mahali pa kudumu katika kumbukumbu. Zinaandikwa kama umbali kutoka mwanzo wa faili. Faili ikitandazwa leo hapa na kesho pale, hesabu haiharibiki. Watu wa kambi wanaelewa: «hema la saba kutoka kwenye bomba» linabaki kuwa kweli iwapo bomba na mahema yote vinahama pamoja. Lakini wanajua pia kwamba vita havihamishi kambi kwa mpangilio huo.

Jambo jingine ni herufi. GDB hulipigia jina hesabu, na hesabu hiyo ndiyo inayosema liangaliwe kwenye safu gani. Herufi kubwa na ndogo huhesabiwa sawa, lakini herufi moja ikigeuka nyingine, hesabu inakwenda kwingine na jina halipatikani. Katika Goma jina moja huandikwa kwa R na mmoja na kwa L na mwingine. Karani Mfaransa anaandika «ou» pale Mkongomani anapoandika «u». Waliotunza kadi za watu waliopotea katika vita vya pili vya dunia, kule Arolsen, Ujerumani, walilijua hilo: kadi zao milioni 50 hivi, za watu milioni 17.5, zilipangwa kwa sauti ya jina, si kwa maandishi peke yake. Ni busara ambayo mwandishi wa orodha yoyote ya Mugunga angefaa kuiazima.

Halafu kuna wasio na jina kabisa. Fundi anaweza kuivua programu simboli zake ili iwe ndogo. Inafanya kazi, anwani zote zipo, ila hakuna anayejua kitu gani kinaitwaje. Katika kambi za 1994 hadi 1996 walikuwapo watoto wadogo mno kutaja jina la baba au la kilima chao. Kwa hao faharasa ya majina haikusaidia. Walipigwa picha, na picha zikabandikwa mahali pa wazi ili uso ufanye kazi ambayo jina halikuweza.

Lakini somo kubwa zaidi liko katika namna GDB inavyokataa akiba yake yenyewe. Kila programu ikitengenezwa inaweza kupewa alama yake, aghalabu ya herufi na tarakimu 40. Faili ya faharasa hupewa jina kwa alama hiyo. Programu ikitengenezwa upya, hata kama jina lake halikubadilika, alama inabadilika, na faharasa ya jana haiguswi tena. GDB inapendelea kuanza upya kwa taabu kuliko kujibu haraka kwa uongo. Faharasa iliyopitwa na wakati ingempeleka fundi kwenye mstari usiohusika, naye angeamini.

Goma imetengenezwa upya mara nyingi. Novemba 1996 kambi ya Mugunga ilivunjika na mamia ya maelfu ya watu wakarudi Rwanda kwa miguu. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na wakuu wakaamuru sehemu ya mji ihame, watu walipita Mugunga kuelekea Sake, na watoto wakapotezana na wazazi njiani. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia wakimbizi wa Lac Vert na Mugunga. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma, na Februari kambi zilizouzunguka mji, pamoja na Bulengo na Lushagala, zikabaki tupu. Shitingi zilikunjwa, mbao zikapakiwa kwenye chukudu, na wengine wakaenda wakiwa na sufuria tu.

Orodha za kambi hizo hazikukunjwa. Zilibaki zikisema bloki hii, hema lile. Anayeishika leo bila kuangalia tarehe anaweza kumtuma mama kwenye uwanja mtupu, na mama wa namna hiyo hana nauli ya kurudia safari mara mbili.

Hapo ndipo kijana huyo anapoona mfano wa kompyuta unafika mwisho wake. Akiba ya GDB ikifutwa yote usiku huu, hakuna kilichopotea. Programu yenyewe ipo, na faharasa itatengenezwa tena kutoka kwake. Faharasa ni kivuli cha kitu kilichopo. Kambi ikishavunjwa, hakuna cha kurudia. Orodha iliyokuwa nakala inageuka kuwa asili: ndiyo shahidi peke yake kwamba mtoto fulani, mwana wa fulani, alikuwa hapa siku ile, pamoja na bibi yake, wakiwa hai. Bloki iliyoandikwa humo ni ya uongo sasa. Jina, wazazi na tarehe bado ni kweli. Kwa hiyo orodha ya zamani haifai kuaminiwa kama ilivyo, wala haifai kutupwa.

Fundi huyo ameanza kuwaambia wanaokuja kutengeneza simu kwake mambo machache ya kuandika, kwenye karatasi na kwenye simu pia. Jina lote, na jinsi linavyotamkwa. Majina ya baba na mama. Kijiji na grupema ya asili, kwa sababu hivyo havihami. Mahali pa mwisho mtu alipoonekana, na tarehe. Kila ukurasa uwe na siku yake juu. Na karatasi hiyo isibandikwe ovyo: jina linaloweza kumrudisha mtoto kwa mama yake linaweza pia kumwonyesha mtu mbaya njia, ndiyo maana wanaotafuta familia kwa uangalifu huomba ruhusa kabla ya kulitangaza.

Wengine wanamcheka kwamba anawauzia kioo cha simu na somo juu yake. Wengi wanaomba kalamu.