Namba Saba wa Bamvua

Mpira wetu ulifuata maji. Huku Lamu bamvua hukauka saa nne, saa tano ya asubuhi, na likiangukia Jumamosi au siku za likizo, ufuo wa Shela ulifunguka ukawa uwanja ambao serikali haijapata kutujengea mfano wake. Vijana wa Mkomani na Langoni walikuja kwa miguu, wa Matondoni juu ya punda, na magoli yalikuwa fito nne za mkoko zilizochomekwa mchangani. Wa Pate, Siyu na Faza hawakuweza kufika siku hiyo hiyo. Mkondo wa Mkanda hautaki mashua maji yakiwa yametoka, kwa hiyo walivuka jana yake alasiri wakalala kwa jamaa zao. Mchezo ulikwisha maji yakianza kurudi, na hakuna aliyebishana na refa huyo.

Waliochagua walikaa kando, kwenye kivuli cha mashua iliyopandishwa. Nazungumzia miaka ya sabini na themanini, nilipokuwa mwalimu kijana na nafasi yangu kwenye kivuli kile ilikuwa ya mwisho, nusu mwili juani. Walikuwapo walimu wakubwa wangu, nahodha wa jahazi aliyekwisha kuiacha bahari, na fundi mmoja wa mashua ambaye sikupata kumwona akipiga mpira hata siku moja, lakini neno lake ndilo lililofunga mjadala. Tulitafuta timu ya wilaya, na ndani ya timu hiyo kijana mmoja au wawili wa kupelekwa Mombasa. Kipa alipatikana kwa urefu, beki kwa moyo. Tabu ilikuwa winga, namba saba na namba kumi na moja, mwenye kupokea mpira akakimbia nao huku watu wawili wanamwinda.

"Tizama mato, mwanangu," fundi aliniambia. "Maguu hudanganya."

Na yalidanganya kweli. Mchanga wa ufuoni si mmoja. Karibu na maji umekaza, mtu hukimbia asione tabu. Juu, karibu na matuta, ni laini na unameza mguu mpaka kifundo. Upande mmoja wa uwanja kila mtu alikuwa mwepesi, upande wa pili kila mtu mzito, na asiyejua angeweza kumsifu kijana kumbe ausifu mchanga. Fundi alingoja timu zibadilishane magoli ndipo aanze kutazama.

Kijana mmoja wa Siyu, umri wa miaka kumi na sita hivi, suruali ameikunja mpaka magotini, aliangukia upande ule laini. Hakujaribu kukimbia. Aliuvuta mpira polepole, ukimgusa unyayo tu, mpaka beki akamfuata huko juu kwenye mchanga laini. Akasimama. Beki alipotia mguu, kijana aliukata mpira kuelekea majini, kwenye mchanga mgumu, na hapo ndipo alipoondoka. Beki alibaki anang'oa miguu. Baada ya muda kidogo akamfanya vile vile beki yule yule, naye akanasa tena. Sisi tulipiga kelele. Fundi aliuliza tu, "Mtoto wa nani huyu?"

Swali hilo ndilo lililokuwa mizani yetu. Babake ana chombo au anavua kwa tajiri? Mamake yuko radhi? Anamheshimu maalim wake wa chuo? Kesho yake, bila kuambiwa, kijana angetazamwa gatini. Wakati huo mawe ya kujengea yalichongwa Manda, kule Maweni, yakaletwa kwa mashua, na vijana waliyashusha kwa kupita juu ya ubao mmoja uliolazwa kati ya chombo na gati. Fundi hakujali jiwe lina uzito gani. Alitazama kijana akifika katikati ya ubao, mashua inapanda na kushuka: husimama akangoja wimbi lipite, au hulikimbilia? Anayelikimbilia, alisema, ataupoteza mpira mbele ya goli. Nimesikia kanuni nyingi za kumpima winga tangu wakati huo, kwenye kozi na kwenye semina zenye chai na maandazi, na bado sijapata iliyonikaa kama hiyo.

Sitaki kuwasifu wazee wale kupita kiasi. Mtaa ulikuwa na sauti. Mtu wa Mkomani aliona vizuri zaidi vijana wa Mkomani, wa Langoni vivyo hivyo, na kijana wa Kipungani asiye na ami mjini alihitaji kuwa bora maradufu ili jina lake litajwe. Wasichana hawakuhesabiwa kabisa. Walipita njiani wakitazama kwa pembe ya jicho, wakapita. Na kulikuwa na dhuluma nyingine ambayo hakuna aliyeipanga. Mashindano ya mpira ya shule yalifanyika muhula wa pili, kati ya Mei na Agosti, yaani katikati ya kusi. Kusi likivuma sawasawa, nje ya Pate bahari huchafuka na nahodha mwenye akili haondoki. Basi miaka mingi timu iliyoitwa ya Lamu ilikuwa timu ya wale waliofikika kwa miguu. Kizingitini, kijiji cha wapiga mbizi wenye mapafu ya kukimbia dakika mia mbili, kilituletea wachezaji wachache mno, na mjini watu wakasema, "Wale mpira hawaujui." Walikuwa wakingoja upepo tu.

Kwa nini Mombasa? Kwa sababu kuchaguliwa maana yake ilikuwa kuandikwa kazi. Mshahara wa mchezaji kama mchezaji tuliusikia ukitajwa Ulaya. Huku klabu kubwa zilikuwa za waajiri, na winga mzuri alipewa nafasi bandarini, kwenye mizigo, posta au kiwandani, akafanya kazi asubuhi na mazoezi jioni. Mama wa Siyu hakuambiwa kwamba mwanawe atakuwa nyota. Aliambiwa atapata kazi bandarini, na hapo ndipo alipokubali. Na Mombasa yenyewe ilikuwa na jina: Feisal walikuwa wametwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na baadaye kipa Mahmoud Abbas, mtoto wa mji ule, alisimama golini Harambee Stars wakibeba Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela ilipotoka redioni, barazani watu waliacha bao katikati, kete mkononi.

Lakini safari! Mashua mpaka Mokowe, kisha basi kwenye vumbi au tope, kutegemea Mungu amependa nini. Mto Tana ukifurika karibu na Garsen, njia imefungwa na hakuna wa kumlaumu. Ukipita hapo, Kilifi unapanga foleni ya feri, maana daraja lilikuja 1991. Miaka ya tisini ikaongeza majambazi wa njiani, mabasi yakaenda kwa msafara na polisi wenye bunduki mbele na nyuma. Kijana alifika Mombasa usiku, miguu imevimba kwa kukaa, na majaribio ni asubuhi.

Yule wa Siyu alifika hivyo. Nilikwenda naye. Uwanja ulikuwa wa udongo mgumu wenye changarawe, na klabu ile, ambayo haina haja ya kutajwa, ilitaka kila mtu avae njumu. Hakuwahi kuvaa njumu maishani. Aliazimwa jozi kubwa kuliko mguu wake, tukazijaza magazeti mbele. Unyayo uliokuwa ukiusikia mpira sasa ulikuwa umefungwa ndani ya ngozi na karatasi. Alipojaribu kuukata mpira kama alivyoukata Shela, aliteleza akaenda chini, akainuka, akateleza tena. Kocha aliandika kitu kwenye daftari lake. Dakika ishirini zikatosha. Kurudi njiani kijana hakulalamika. Tulipofika Mokowe alizifungua kamba, akazitoa karatasi zilizolowa jasho na kuzitupa, akanirudishia njumu nimrudishie mwenyewe, akapanda mashua pekupeku. Aliishi kwa uvuvi, akaoa, akapata watoto. Watu wa Siyu wa rika lake bado wanamtaja wakizungumzia mpira.

Mpwa wangu aliyehamia Minnesota huniambia kwamba Marekani jambo hili wamelifanya elimu. Katika mpira wao, ule wa kuubeba kwapani, yuko mkimbiaji anayekabidhiwa mpira nyuma ya wenzake akaambiwa apenye. Ndiye namba saba wao, naona mimi. Kila mwaka vijana wa vyuo vikuu hukusanywa Indianapolis wakapimwa urefu, uzito, kuruka, na mbio za yadi 40, ambazo hazifiki hata mita 37, wakihesabiwa kwa vipande vya sekunde. Kisha timu huchagua kwa zamu, iliyofanya vibaya zaidi ikitangulia, na wanafanya hivyo tangu 1936. Nilimuuliza, je, wanapatia? Akacheka, akanihadithia mwaka 1995. Wa kwanza kabisa kuchaguliwa alikuwa mkimbiaji, Ki-Jana Carter wa Penn State. Goti likaharibika kwenye mechi yake ya kwanza ya matayarisho, kabla ligi haijaanza, na hakurudi kuwa yule waliyemtarajia. Mwaka huo huo mkimbiaji mwingine, Terrell Davis, aliachwa mpaka nafasi ya 196, Denver wakamchukua, naye mwaka 1998 akapita yadi 2,000 kwa msimu mmoja. Saa na mizani zote zile, na bado watu 195 walitajwa kabla yake.

Kisa hicho kilinifurahisha kuliko inavyostahili. Ila mpwa wangu akaongeza jambo lililonizima. Mwaka 2013 Mkenya Daniel Adongo, mchezaji wa raga, aliandikishwa na Indianapolis Colts bila kuwahi kuucheza mchezo ule hata mara moja. Waliuona mwili wake, wakasema mengine tutamfundisha. Wanakosea, lakini wana nafasi ya kukosea. Wakimwacha mtu leo, iko timu nyingine kesho, iko kambi, yuko daktari wa goti. Sisi tulikuwa na macho ya fundi na basi moja. Kijana wetu alipewa dakika ishirini na viatu vya kuazima.

Siku hizi majaribio yamekuja kwetu. Barabara ya Garsen ina lami. Wanakuja vijana wenye koni za rangi, filimbi na simu. Wanapiga picha za video, wanapima mbio za mita 30, jioni majina yako kwenye WhatsApp. Mashindano kama Chapa Dimba yamewapa vijana wa miaka 16 hadi 20 jukwaa, na wasichana wamo, jambo ambalo wazee wa kivuli kile wasingeliamini. Bandari ya Mombasa bado ina timu yake, na imetwaa kombe la ngao la taifa 2015 na 2019. Nasi tuna bandari yetu. Gati la kwanza la Kililana lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na vijana wanaoziona meli zile kutoka baharini huniuliza kama nako kutakuwa na nafasi za wachezaji.

Katikati ya hayo tulipoteza miaka. Juni 2014, watu wakitazama Kombe la Dunia, Mpeketoni ilishambuliwa. Mwezi uliofuata ikaja amri ya kutotoka usiku, na watu wa nje wakaogopa hata kulisikia jina la Lamu. Rika zima la mawinga lilikua bila kuonwa na mgeni yeyote. Wengine unga umewachukua. Ninawajua kwa mwendo wao wakipita barabara ya pwani, maana mbio za mtu huzitambui usoni tu. Wapo ambao bado hatua zao ni fupi na nyepesi, na hawaendi popote.

Mwaka jana kijana mmoja wa hao wenye koni alikuja barazani. Alikuwa na adabu, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniita Maalim, akanionyesha kwenye simu jedwali la vijana aliowapima: jina, umri, sekunde. Nikasoma mpaka mwisho. Nikamuuliza wa Kizingitini yuko wapi, wa Mbwajumwali, wa Siyu.

"Hawakuja, Maalim. Tuliwatangazia wote."

"Mliwatangazia mwezi gani, mwanangu?"

"Wa saba."

Nikamweleza habari ya kusi, na Mkanda, na mashua zinazokaa siku nne zikingoja. Nikamwambia aje Desemba, kaskazi ikiwa imeshika, na asiwaite vijana hapa. Aende yeye Faza, alale huko, awatazame wakicheza pekupeku kwanza ndipo awape njumu. Aliandika yote. Alipomaliza akasema ni ushauri mzuri sana, na kwamba angeupeleka kwa wakubwa wake, ila fungu la pesa hutoka Julai na lazima litumike kabla ya mwezi kwisha.