Boti Ndiyo Matatu ya Lamu

Katika kila mji mkubwa wako vijana ambao raha yao ni kupanda basi hadi mwisho wa njia, wakakaa dirishani kutazama watu, kisha wakarudi na basi lile lile. Hawana pa kwenda wala shughuli iliyowatoa nyumbani. Ikiwa wewe msomaji una ugonjwa huo, au unaye mtoto aliyeambukizwa, weka akiba kidogo kidogo na likizo ijayo mfunge safari ya Lamu.

Huko hutapata basi la kuzunguka mjini. Mji mkongwe wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa kubanana ukutani. Magari ya kisiwani yanahesabika, na pikipiki zilizoingia miaka ya karibuni zimekuwa kero kwa wazee wengi. Njia kuu ya Lamu ni bahari, na matatu yake ni boti. Kuna stejini, kuna manamba wa kuita abiria, kuna ugomvi wa chenji. Kilichotofautiana ni kwamba hapa anayepanga saa ya kuondoka si mwenye gari bali ni mwezi.

Anzia Mokowe. Ndipo mwisho wa barabara inayotoka Mombasa kupitia Malindi, Garsen na Witu. Ukishuka tu kwenye basi utasikia vijana wakikuita, "Ndoo! Ndoo!" Usiangaze macho kutafuta ndoo ya maji. Kiamu husema ndoo pale wewe unaposema njoo, kama kisemavyo mtanga kwa mchanga na ndia kwa njia. Kijana atakuchukulia begi lako kabla hujakubali, nawe utamfuata kwa sababu begi limekwisha kutangulia. Wenye haraka hupanda boti ndogo za kasi. Mimi nakushauri upande ile kubwa ya mbao, yenye magunia ya unga, kreti za soda, magodoro na kuku waliofungwa miguu. Safari yake haipiti nusu saa hivi, na katika nusu saa hiyo utajua bei ya samaki, nani anaoa wiki ijayo, na kwa nini mwalimu fulani kahamishwa.

Lamu inapotokea mbele yako utaona nyumba nyeupe zimejipanga ukingoni, madau na majahazi mbele yake. Nyuma ya mstari huo wa kwanza ipo ngome iliyoanza kujengwa karibu na mwaka 1813 na kumalizika mwaka 1821. Usiingie ndani bado. Leo ni siku ya kupanda.

Njia ya pili ni fupi, ya Lamu kwenda Shela, kilomita kama tatu. Unaweza kutembea kando ya pwani kwa muda usiotimia saa moja, ila maji yakijaa sana njia yenyewe huwa bahari. Boti za Shela ndizo zinazofanana zaidi na matatu za Nairobi: zinasubiri zijae na kubishana nani alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Utakaa ubavuni mwa fundi mwashi mwenye mwiko mkononi, mpishi wa hoteli, na pengine Mzungu mmoja aliyelipa zaidi bila kujua. Ukifika, tazama vilima vya mchanga nyuma ya kijiji. Wageni huvipiga picha kwa uzuri wake, lakini wenyeji wanavijali kwa sababu nyingine. Mvua hunywea mchangani humo na kuhifadhiwa chini, na maji matamu ya visima vya kisiwa hutoka huko. Atakayejenga juu ya vilima hivyo ataharibu kinywaji cha mji mzima.

Ng'ambo ya Shela ni Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege. Hata abiria wa ndege hushuka angani na kuingia botini. Humo Manda umo mji wa kale wa Takwa, uliostawi katika karne za 16 na 17 kisha ukahamwa. Kaburi lake lenye mnara lina maandishi ya miaka ya 1681 na 1682, na watu wa Shela, wanaohesabu asili yao kuwa huko, wamekuwa wakienda kuomba dua ya mvua mahali hapo. Njia ya majini ya kwenda Takwa ni kijito ndani ya mikoko, na maji yakipwa hakuna boti ipitayo. Ukichelewa huko, utasubiri.

Hapo ndipo msafiri wa mjini anapoanza kusoma ratiba ya Lamu. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana. Boti inayotegemea maji makubwa ikiondoka leo saa tatu, kesho huenda ikaondoka karibu saa nne. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hujaa sana mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kati ya hapo, karibu saa nne asubuhi, hupwa hata boti zikabaki zimelala ubavu matopeni. Nilimwuliza nahodha mmoja wa boti ya Pate.

"Shikamoo mzee. Boti yaondoka saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Yaondoka maji yakija."

"Na maji yaja saa ngapi?"

Akanitazama kwa huruma. "Mwezi ngapi yeo?"

Sikuwa na jibu. Mtoto wa miaka kama tisa aliyekaa juu ya gunia la mchele alilitaja bila kuinua kichwa. Basi kabla hujatoka nyumbani, wape watoto wako kazi ya kuhesabu tarehe za mwezi mwandamo. Ni mchezo mzuri, na utakuokoa na kukaa bure jetini.

Boti ya Pate ndiyo safari yenyewe, hizo nyingine zilikuwa za kunyosha miguu. Inapita Mkanda, mkono mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, mikoko ikiwa imesimama kushoto na kulia. Kutoka katika misitu ya namna hii zilikatwa boriti za kuezekea nyumba za mawe za Lamu, na upana wa vyumba vya nyumba zile ulifuata urefu wa boriti. Ukija kulala katika chumba kirefu chembamba, ujue aliyekichora ni mti.

Mkanda ukiisha, bahari inafunguka na upande wa bara utaona kreni za bandari mpya ya Lamu pale Kililana. Gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 20, 2021, na kina chake ni mita 17.5. Meli za huko hazimwulizi mtu mwezi ngapi. Abiria wenzako wataitazama bandari hiyo kila mmoja kwa jicho lake: kijana ataona kazi, mvuvi ataona mahali alipokuwa akitega. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ukitaka boti nzima ichangamke, uliza habari ya fidia.

Lakini tazama pia wasiochangamka. Safari niliyoifanya, palikuwa na mama mjamzito amelalia bega la wifi yake, wanarudi Faza kutoka hospitali ya Lamu. Kwako wewe kuchelewa kwa maji ni sehemu ya burudani. Kwake, maji yakikataa usiku ndiyo yamekataa, na hakuna teksi ya kuita. Wanafunzi wanaosoma mbali na kisiwa chao nao hufungua na kufunga shule kwa boti hizi hizi. Ndiyo maana sipendi kusikia mgeni akilalamika jetini kwamba "hawa watu hawana saa".

Na kuhusu usalama, sitakuficha. Agosti 2017 watu wengi wa familia moja walifariki boti yao ilipopinduka katika maji ya visiwa hivi. Ukipanda na watoto, dai jaketi za kuokolea maisha na uzivae, usizikalie. Boti ikijaa kupita kiasi, shuka. Zaidi ya hayo, Lamu imeonja utekaji nyara wa watalii mwaka 2011 na mashambulizi ya Mpeketoni mwezi Juni 2014, kwa hiyo uliza wenyeji na polisi hali ilivyo kabla ya kwenda mbali, nao watakwambia.

Kituo cha kwanza cha Pate ni Mtangawanda, kama saa mbili kwa boti kubwa. Wa mji wa Pate huteremka hapa wakatembea saa nzima kwa miguu au wakamkodi punda. Kisha ni Faza, na mwisho kabisa ni Kizingitini, mji wa wavuvi. Usidhani utarudi Lamu jioni hiyo. Boti hulala huko, nawe utalala. Mwombe nahodha akuelekeze nyumba ya kupokea wageni, na utakuta kiti, maji ya kuoga na samaki wa kupaka kabla hujamaliza kujitambulisha.

Kama maji yamekwisha kupwa, boti haitafika ukingoni. Vua viatu mapema, kunja suruali, mpe mtoto mkono. Usione haya kumpa baharia begi lako alitweke kichwani, kwani mbele yako atakuwapo bibi mwenye televisheni.