Amani ya Kusema Katika Kazi za Jamaa

Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka ameniomba niandike neno juu ya biashara za jamaa zetu hapa Ixelles, nilikohamia kuishi na wanangu baada ya kustaafu. Mimi si mfanyabiashara. Nilisoma chuoni kwa maalimu, kisha sekondari, kisha nikashika chaki mpaka nywele zikawa nyeupe. Lakini ninalotaka kulieleza si hesabu ya faida. Ni habari ya ulimi na moyo, na hiyo mwalimu huijua kidogo.

Kila mmoja wetu anaujua mtaa wa Matonge, kuanzia Porte de Namur kuteremka Chaussée de Wavre. Jina lake limetokana na Matonge ya Kinshasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifunguliwa hapa Ixelles Maison Africaine, nyumba ya kupangisha wanafunzi kutoka Afrika, na nyuma ya wanafunzi yakafuata maduka, wasusi na mikahawa. Sisi wa pande za Ziwa Tanganyika, kutoka Ujiji, Buyenzi na Uvira, wengi wetu tulifika baadaye, nasi tukafungua vyetu.

Karibu biashara hizi zote huanza namna moja: mume, mke na friza moja. Wakiwa wawili hakuna linalofichika. Shida huja zikianza kukua. Analetwa mtoto wa dada, kisha shemeji, kisha kijana wa jirani wa kwetu. Hapo anayeamuru ni mjomba na anayeamriwa ni mpwa, na ile adabu tuliyowafunza watoto, kwamba mkubwa hajibiwi, inawafunga midomo mahali ambapo kusema ndiko kunakookoa mali.

Nitoe mfano wa jamaa yangu mmoja, kwa idhini yake na bila kumtaja jina. Alikwisha kuwa na maduka mawili na wafanyakazi kumi na mmoja. Ijumaa moja binti wa mama yake mdogo, aliyekuwa akimfanyia kazi, alisikia friza kubwa ikinguruma vibaya. Akanyamaza. Alikuwa na sababu: majuma mawili nyuma, kijana aliyesema kwamba mizani ni mbovu alikaripiwa mbele ya wateja, akaambiwa ndiye aliyeiharibu. Jumatatu, samaki na kisamvu, ambacho wenzetu wa Kongo hukiita sombe, vyote vikatupwa. Tajiri akauliza ni nani aliyejua. Watu wote wakatazama sakafu.

Hasara ya samaki hulipika. Lakini habari ilipojulikana binti alitukanwa, akasema anaacha kazi, na mama zao, ndugu wa tumbo moja, wakanuniana. Harusi ya ukoo ilikuwa inakaribia, na hakuna aliyejua kama wazee wale wawili watakaa jamvi moja. Duka la jamaa likipasuka, na ukoo nao hupata ufa.

Niliitwa kusuluhisha. Kwanza nilimkumbusha jamaa yangu kisa tulichosomeshwa chuoni katika sira. Kabla ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, yaani 624, sahaba Hubab bin al-Mundhir alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama mahali walipopiga kambi pameamriwa na Mungu au ni rai tu ya vita. Alipojibiwa kuwa ni rai, alisema hapafai, afadhali wasogee mbele kwenye kisima kilicho karibu na adui. Wakasogea. Basi kama sahaba aliweza kusema mbele ya Mtume, itakuwaje kijana asiweze kusema mbele ya mwenye duka?

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipopima makosa ya dawa hospitalini, alishangaa kuona kwamba vikundi vilivyo bora viliandikwa makosa mengi zaidi. Sababu si kwamba vilikosea zaidi. Wenyewe walikuwa hawaogopi kuyasema, kwa hiyo waliyarekebisha. Mwaka 1999 alitoa makala iliyoeneza jina la usalama wa kisaikolojia kazini. Mimi naona amani ya kusema yatosha kuwa jina lake. Wazee wetu walikwisha sema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wala sheria ya Ubelgiji haikulisahau. Sheria ya tarehe 4 Agosti 1996 yamlazimu kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, kulinda hali njema ya watu wake kazini, na mwaka 2014 iliongezwa nguvu kuhusu mizigo ya moyo na nafsi. Tangu tarehe 1 Desemba 2023, penye wafanyakazi 50 au zaidi ni lazima awepo mtu wa kuaminiwa ambaye mfanyakazi aweza kumwendea kwa siri. Maduka yetu ni madogo, lakini hekima ile yatufaa.

Tukakubaliana mambo manne. Kila Jumatatu watu wakae robo saa, tajiri aanze kwa kutaja lililomwendea kombo yeye mwenyewe, kisha waseme wadogo kabla ya wakubwa. Aletaye habari mbaya ashukuriwe kwanza, aulizwe baadaye. Kosa, uzembe na wizi visihukumiwe kwa fimbo moja, maana amani ya kusema si ruhusa ya kuchelewa kazini. Na saa za kazi, mshahara na likizo viandikwe, undugu usiwe sababu ya mtu kufanya kazi bure Jumapili.

Binti hakurudi, alikwisha pata kazi kwingine. Hata hivyo alikuja Jumatatu ya kwanza, akaeleza kwa adabu kwa nini alinyamaza. Jamaa yangu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamwomba radhi mbele ya wote. Kwenye harusi mama zao walikaa pamoja. Mwezi uliofuata kijana wa mizani ndiye aliyekuja mbio kusema mlango wa friza haufungi sawasawa, na fundi akaitwa siku ile ile.

Ndugu zangu wenye maduka, mkubwa ni jalala. Atakayetaka aitwe mkubwa na akubali kutupiwa yote, hata yanayonuka, kwani usipotupiwa wewe yatatupwa barabarani na watu wa nje wayaone. Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu na aturuzuku masikio ya kusikia. Amin.